Usalama wa Nyambizi za Nyuklia Zikiwa Gatini

Nyambizi ya nyuklia hubeba kinu, yaani chombo ambamo atomu za urani hupasuliwa ili zitoe joto la kuzalisha mvuke unaozungusha rafadha. Wengi hudhani kwamba hatari yake iko vilindini, ilhali kazi nyeti kupita zote hufanyika bandarini, ambako fueli hubadilishwa, mabomba hufunguliwa, na makazi ya watu huwa karibu.

Hayo yalidhihirika tarehe 10 Agosti 1985 katika ghuba ya Chazhma, karibu na Vladivostok, ambako nyambizi ya Kisovieti K-431 ilikuwa imekwisha kutiwa fueli mpya. Mfuniko wa kinu ulipobainika kuvuja, mafundi waliuinua kwa kreni ukiwa bado umeshikamana na fito za udhibiti, ambazo kazi yake ni kufyonza nyutroni ili upasukaji wa atomu usivuke mpaka. Fito zikapanda kupita kiasi, kinu kikalipuka, watu 10 wakafa, na mionzi ikasambaa nchi kavu na baharini. Taratibu zilikuwapo, lakini hazikufuatwa.

Hata kinu kilichozimwa hakipoi mara moja, kwa kuwa mabaki ya atomu zilizopasuka huendelea kutoa joto, ambalo mwanzoni hufikia takriban asilimia 6 ya nguvu kamili, kisha hushuka hadi chini ya asilimia 1 baada ya siku moja. Kwa hiyo pampu za maji ya kupozea hazina budi kupata umeme bila kukatika. Katika kituo cha Devonport, mjini Plymouth, Uingereza, umeme huo ulikatika Julai 2012, na majenereta ya akiba nayo yakashindwa, kwa zaidi ya dakika 90. Hakuna aliyedhurika, lakini akiba isiyojaribiwa mara kwa mara haistahili kuitwa akiba.

Ndiyo maana ni muhimu sana kwamba mkaguzi asiwe chini ya kamanda anayeharakisha meli irudi baharini. Huko Devonport, karakana hukaguliwa pia na Ofisi ya Udhibiti wa Nyuklia, taasisi ya kiraia yenye uwezo wa kisheria wa kusimamisha kazi.

Wakazi wa jirani nao huandaliwa vidonge vya iodini, vinavyoizuia iodini yenye mionzi isijikusanye katika tezi ya shingo. Vidonge hivyo havikingi viungo vingine, hivyo tahadhari inapotolewa, wakazi hutakiwa kwanza kuingia ndani, kufunga milango na madirisha, na kusubiri maelekezo redioni.