Pumu na Saa ya Mwili: Kwa Nini Kifua Hubana Usiku?

Wapo wagonjwa wa pumu ambao hushinda mchana bila shida, kisha huamka mnamo saa kumi alfajiri kifua kimebana na pumzi zikikoroma. Daktari Mwingereza John Floyer, aliyekuwa na pumu mwenyewe, aliandika juu ya hali hiyo mwaka 1698. Leo tunajua kwamba vumbi la godoro na baridi si sababu pekee. Mwili wenyewe una saa.

Saa hiyo ni nini?

Ndani ya seli zetu zimo jeni ambazo huamka na kulala kwa zamu, katika mzunguko wa takriban saa 24. Saa kuu imo ubongoni, nayo huongozwa na mwanga; mapafu nayo yana saa yake. Usiku homoni ya kortisoli, ambayo hutuliza uvimbe, hupungua, na njia za hewa husinyaa.

Mwaka 2014, watafiti wa Uingereza walieleza kuwa panya walioondolewa jeni ya BMAL1 katika seli za njia za hewa walipata uvimbe mkali zaidi walipovutishwa sumu ya bakteria. Mwaka 2021, watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa pumu waliokaa maabara katika mwanga hafifu, usingizi na milo ikiwa imetenganishwa na saa ya mwili. Hata hivyo, mapafu yao yalidhoofika mwili ulipohesabu kuwa ni usiku, na haja ya dawa ya kutuliza ilifika hadi mara nne ya ile ya mchana.

Tunakushauri nini?

1. Usidharau kuamshwa na pumu usiku. Ni dalili kwamba ugonjwa haujadhibitiwa. Andika tarehe na saa, kisha umwoneshe daktari. Vipimo vya kliniki hufanywa mchana, na huenda visioneshe shida yako.

2. Tumia dawa ya kuzuia kila siku kama ulivyoelekezwa, hata unapojisikia vizuri. Usibadili saa ya dawa kwa uamuzi wako.

3. Weka inhela ya kutuliza karibu na kitanda. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na dozi zilizobaki.

4. Jihadhari na bidhaa zinazotangazwa kuwa hurekebisha saa ya mwili na kuponya pumu. Utafiti wa jeni hizi bado unaendelea, na pumu hudhibitiwa lakini haina dawa ya kuiponya kabisa. Usiache dawa yako kwa ajili ya bidhaa kama hizo.

5. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au inhela isipokusaidia, nenda hospitali mara moja. Usingoje kupambazuke.