Kamera ya gari: ifunge vizuri, itakufaa siku ya ajali

Ibandike nyuma ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, isikuzibe barabara. Futa kioo cha mbele kwa spiriti kwanza, maana gundi haishiki kwenye vumbi. Waya upite juu, ndani ya ukingo wa kitambaa cha paa. Kama nguzo ya pembeni ina mfuko wa hewa, waya ukae nyuma ya mfuko huo, kamwe si mbele: mfuko ukifyatuka, waya humrukia mtu.

Kinachowaangusha wengi ni memori kadi. Kamera hurekodi vipande vya dakika chache na kufuta vya zamani mfululizo, hivyo kadi ya kawaida ya simu huchoka upesi, nayo kamera inaweza kuendelea kuwaka taa bila kuhifadhi chochote. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi muda wote, ifomati kila mwezi, na mara moja moja tazama video zenyewe. Kagua pia tarehe na saa.

Gari likishinda juani Dar es Salaam au Mombasa, kamera yenye kapasita hustahimili joto kuliko yenye betri ya lithiamu, ambayo huvimba.

Ajali ikitokea, majeruhi kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha kufunga faili, zima kamera, chomoa kadi. Ukiendelea na safari kamera ikirekodi, ushahidi unaweza kufutwa. Toa nakala kabla ya kumkabidhi askari au kampuni ya bima. Na ukibeba abiria, tafadhali waambie kuna kamera, hasa kama inarekodi sauti.