Honi Imepigwa, Hukuisikia
Kijitabu cha elimu kwa madereva wa bodaboda, bajaji na waenda kwa miguu

Malalamiko ya abiria yanafanana. Dereva anaongea na simu huku anaendesha, lori linapiga honi nyuma yake, yeye hageuki. Akiulizwa, anaapa kwamba honi haikupigwa. Wengi wao hawadanganyi: honi ilipigwa, masikio yao ni mazima, na bado hawakuisikia. Soma ujue kwa nini, maana hili limepuuzwa vya kutosha.

SIKIO HUPOKEA, UBONGO HUCHAGUA

Sikio halifungwi kama jicho. Kila mlio unaolifikia hupelekwa kwenye ubongo, lakini ubongo hauwezi kuipa uzito sawa milio yote. Ule uliouelekezea umakini wako unapewa nafasi; mingine inafifishwa.

Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, aliwavisha watu spika za masikioni, kila sikio likapata maneno yake, kisha akawataka wayarudie kwa sauti maneno ya upande mmoja tu. Ya upande wa pili hawakuweza kuyaeleza. Hata Kiingereza kilipogeuzwa kuwa Kijerumani upande huo, hawakutambua. Mwaka 2012, huko San Francisco, Nima Mesgarani na Edward Chang walipima ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakisikiliza watu wawili wakizungumza kwa pamoja. Katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti, aliyesikilizwa alionekana karibu kana kwamba anazungumza peke yake.

Macho nayo hula umakini huo huo. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2015 kwamba mtu akikazana na kazi ngumu ya kutazama, mwitikio wa ubongo wake kwa sauti hupungua. Kwa hiyo anayesoma ujumbe akivuka barabara hajapoteza macho tu.

SPIKA ZA MASIKIONI SI KINGA

Hapa ndipo tunapobishiwa kila tunapokwenda vijiweni. "Mimi sishiki simu, mikono yangu yote iko kwenye usukani." Wengine huichomeka simu ndani ya kofia ngumu na kujiona wamemaliza tatizo. Hawajamaliza. Mikono iko huru, umakini umeshikwa na maongezi. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali takriban mara 4 zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina unafuu wa maana.

Tunarudia: kuacha mikono huru si kinga. Kupunguza sauti ya simu si kinga. Kuacha sikio moja wazi si kinga, kwa sababu kizuizi hakiko sikioni. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kumjibu mteja ni mita 50 ulizopita bila kuisikia barabara.

UFANYE NINI

Simu ikiita, iache iite. Tafuta mahali salama, toka barabarani, simama, ndipo upokee. Kwenye makutano ya reli, simama, zima muziki, angalia pande zote mbili. Usingoje king'ora cha treni kikushtue, huenda kisikushtue.

Madereva wa magari ya wagonjwa na zimamoto wana utaratibu wao wa redio za kazi. Wengine wote, maelekezo haya yanawahusu.

Abiria, usione haya. Dereva akipokea simu, mwambie asimame. Akikataa, shuka.

Nawe unayempigia dereva: ukisikia upepo na mngurumo wa injini, usianze kumweleza shida yako. Mwambie, "Ukisimama nipigie," kisha kata simu wewe mwenyewe, kwa sababu yeye anaona haya kukukatia.