Mtamba Apandishwe kwa Uzito, si kwa Umri

Ndugu wanakamati, kabla ya kukopesha mitamba Masagati, tazameni kwanza malisho ya anayekopeshwa. Mtamba hupandishwa afikapo karibu asilimia 60 ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Zebu wa kilo 250 hupandishwa akiwa na kilo 150. Chotara wa Friesian atakayefikia kilo 400 asubiri kilo 240. Huyu hula majani mabichi kilo 25 hadi 30 kwa siku. Kiangazi majani hukomaa na protini hupungua, hivyo pumba za mpunga peke yake hazitoshi: aongezewe mashudu ya alizeti, au lusina kiasi, na jiwe la chumvi. Zebu aliyeshiba ni afadhali kuliko chotara mwenye njaa. Mtamba aliyedumaa akizaa, ndama huweza kukwama. Familia hupoteza wote wawili, na jirani anayengojea ndama hukosa zamu yake.