Kifaa cha rimoti kinachogoma jioni

Swali: Nina nyumba ya wageni Mbamba Bay. Nimefunga kifaa cha kuwasha televisheni na king'amuzi kwa simu. Asubuhi hakina shida, ila kuanzia saa kumi jioni kinagoma. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, shuku jua kwanza. Mwambao wenu unatazama magharibi, kwa hiyo jioni jua linashuka upande wa ziwa na kupenya hadi ndani ya chumba. Kifaa chako hurusha miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, ikiwaka na kuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde ili ipambanuke na mwanga mwingine. Jua nalo lina miale hiyo tele. Likimulika jicho la king'amuzi, ishara humezwa. Shusha pazia zito, ujaribu saa hiyohiyo. Likisaidia, geuza meza ya televisheni ili jicho lisitazame dirisha.

Kama bado, elekeza kamera ya mbele ya simu kwenye kifaa, kisha utume amri. Ukiona nuru ya zambarau ikimetameta, kinarusha. Kisogeze karibu zaidi. Kumbuka miale hii haipiti ukutani, hivyo kila chumba kinahitaji kifaa chake. Tafadhali usinunue kingine kabla ya kujaribu pazia.