Mji Wenye Misingi

Soma Waebrania 11:8-10, 13-16. Kwa nini Ibrahimu aliridhika kukaa katika hema?

Mwaka 1794 washairi vijana wawili wa Uingereza, Samuel Taylor Coleridge na Robert Southey, walipanga kuhamia Marekani, kando ya Mto Susquehanna. Wanaume 12 na wake zao wangeishi huko na vitu vyote shirika. Waliamini kwamba mali ya mtu binafsi ikiondolewa, uchoyo nao ungetoweka. Lakini Southey alitaka waende na watumishi, Coleridge akapinga. Kufikia mwisho wa 1795 mpango ulikuwa umevunjika, wala hawakupanda meli.

Baadaye Coleridge mwenyewe alikuwa mtumwa wa afyuni. Katika kitabu chake cha mwaka 1825 kuhusu imani ya Kikristo, aliandika juu ya dhambi ya asili na hitaji la mwanadamu la ukombozi.

Soma Marko 7:20-23 na Ufunuo 21:1-5. Tungevuka bahari, tungeubeba moyo uleule. Anayeandaa nchi mpya ndiye pia anayeuumba moyo mpya.

Ni badiliko gani unalolidai kwa wengine nyumbani au kanisani, ambalo Kristo anataka kulianza ndani yako leo?