Kwa Nini Mgonjwa wa Kiharusi Huanguka?

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa kiharusi akiisha kuinuka kitandani na kuanza kutembea, hatari imekwisha. Kwa hakika, hapo ndipo hatari ya kuanguka huzidi, na mara nyingi huanguka nyumbani mwake mwenyewe.

Jambo hili latuhusu sana. Uchunguzi wa vifo uliofanywa kati ya mwaka 1992 na 1995 katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ulionyesha kwamba kiharusi kiliua watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 kwa kadiri kubwa kuliko Uingereza. Shinikizo la damu lisilotibiwa lilidhaniwa kuwa sababu kubwa. Nao wanaosalimika hurudi makwao. Na kwa wengine ni milimani Uluguru, kama Kinole au Mgeta, penye miteremko mikali na utelezi wakati wa mvua.

Sababu za kuanguka ni hizi:

Kwanza, mguu uliopooza haunyanyuki vyema, hivyo mgonjwa hujikwaa.

Pili, wengine hawaoni vitu vilivyo upande mmoja.

Tatu, damu huweza kushuka nguvu ghafula mtu asimamapo, hasa akitumia dawa za shinikizo, akashikwa na kizunguzungu.

Nne, haja ya usiku humharakisha gizani.

Tano, aliyeanguka mara moja huogopa kutembea, misuli ikazidi kudhoofika, akaanguka tena.

Hasara yake si ndogo. Mifupa ya upande uliopooza hupungua uimara, na nyonga huvunjika kwa urahisi.

Basi yatupasa kufanya nini? Mgonjwa aketi kidogo kabla ya kusimama. Mkongojo aushike kwa mkono wenye nguvu, na msaidizi akae upande dhaifu. Akipanda ngazi, mguu wenye nguvu utangulie. Akishuka, utangulie ule dhaifu. Aache kandambili, avae viatu vinavyoshika mguu. Akiona kizunguzungu amweleze daktari, wala asikatize dawa mwenyewe.

Na asiyeweza kusimama katika sala asijitie hatarini: Uislamu umemruhusu mgonjwa kusali ameketi, na akishindwa, amelala. Kuitumia ruhusa hiyo si upungufu wa imani.

Tumefundishwa pia kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni tendo la imani. Kwa mwenye mgonjwa, njia ya kwanza ya kusafishwa na kuwekewa taa ni ile itokayo kitandani kwenda chooni.